Swichi ya kichwa cha treni: namna ya kuisanifu ihimili DC, mtikisiko na vumbi la Dodoma

Chukua swichi ya dukani iliyoandikwa 10 A 250 V, ifunge kwenye kichwa cha treni cha dizeli chenye betri ya volti 72, uiachie kazi ya kuwasha na kuzima koili za kontakta (swichi kubwa inayovutwa na koili ya sumaku). Haichukui muda itaungua au itaganda. Si kwamba ni bandia. Namba zilizoandikwa mgongoni mwake ni za umeme wa AC, ambao kwa hezi 50 hushuka hadi sifuri mara 100 kila sekunde, na kila ukishuka cheche hupata nafasi ya kuzimika yenyewe. Umeme wa betri, yaani DC, hauna sifuri. Cheche ikishawaka kati ya pointi mbili zinazoachana, inaendelea kuwaka mpaka uivute iwe ndefu kupita uwezo wa betri kuilisha. Kwenye volti 110 DC, swichi hiyo hiyo ya ampea 10 huenda isifikie hata ampea moja.

Mwongozo huu unahusu swichi ya mkono iliyo mezani kwa dereva au kwenye kabati la umeme la kichwa cha dizeli, cha aina inayovuta mabehewa kwenye reli ya upana wa mita moja inayopita Dodoma. Ni swichi za taa ya mbele, pampu ya mafuta, uga wa jenereta, kuwasha injini na mengine ya namna hiyo: volti 72 au 110 DC, mkondo usiozidi ampea 10. Hauhusu umeme wa mota za magurudumu. Wala hauhusu kilovolti 25 za reli ya SGR, kwa kuwa hakuna swichi ya mkono inayogusa umeme ule. Ila swichi za chumba cha dereva kwenye vichwa vya umeme nazo hukata DC ya volti ndogo, kwa hiyo sehemu kubwa ya yaliyomo humu inazihusu pia.

Anza na mzigo

Wengi huanza na mpini: wa kuzungusha au wa kubinya, rangi gani, una nafasi ngapi. Hayo yasubiri. Andika kwanza kila kitu ambacho swichi itakikata, pamoja na volti ya chini na ya juu kabisa. Kiwango cha EN 50155 cha vifaa vya elektroniki vya treni kinataka kifaa kifanye kazi kuanzia 0.7 hadi 1.25 ya volti ya jina. Kwa mfumo wa 72 hiyo ni 50.4 hadi 90, na kwa 110 ni 77 hadi 137.5. Namba ya juu ndiyo inayopima uwezo wa kukata cheche, kwa hiyo ndiyo utakayoisanifia.

Taa ya glopu hudanganya wakati wa kuwasha. Ya wati 150 kwenye volti 72 hula ampea 2 na kidogo ikiwa ya moto, lakini uzi wake ukiwa wa baridi huvuta mara kumi au zaidi ya hapo kwa milisekunde kadhaa. Tatizo lake ni pointi kugandana wakati wa kufunga, maana cheche ya kufungua ni ndogo. Taa za LED nazo zina kapasita mlangoni, na zile zinafanya vivyo hivyo kwa muda mfupi zaidi lakini kwa ukali zaidi.

Koili ni kinyume chake: wakati wa kufunga ni mpole, wakati wa kufungua ni mkali. Tuchukue koili ya kontakta ya wati 20 kwenye volti 72. Mkondo ni ampea 0.28 tu, namba ambayo haimtishi mtu. Lakini kanuni ya kundi la DC-13 (mizigo ya koili za sumaku kwenye DC) katika kiwango cha IEC 60947-5-1 inahesabu milisekunde 6 kwa kila wati kufikia asilimia 95 ya mkondo, yaani milisekunde 120 kwa koili hii. Ukirudi nyuma kwa hesabu unapata induktansi (uwezo wa koili kuhifadhi nishati ya sumaku) ya takriban henri 10 na nishati ya joule 0.4 iliyohifadhiwa kwenye chuma cha koili. Nishati hiyo yote ikikosa pa kwenda hutokea kwenye pengo la swichi yako. Koili nne kwenye swichi moja ni joule 1.6 kila unapozima, na pointi ndogo ya fedha huliwa na hizo polepole hadi iishe.

Kuna mzigo wa tatu ambao mafundi husahau kabisa: mawimbi madogo ya kompyuta au relei za elektroniki, milliampea chache tu. Hapa cheche haipo, na kukosekana kwake ndiko kunakoleta tabu, kwani cheche ndogo ndiyo huchoma utando mweusi unaojiunda juu ya fedha. Tiba zipo mbili. Ya kwanza ni pointi zilizopakwa dhahabu, ambazo zisije zikatumika kukata koili hata siku moja, maana dhahabu huungua mara ya kwanza na haibaki kitu. Ya pili ni kuongeza kipingamizi sambamba na mzigo ili mkondo uongezeke. Kwenye volti 72, kilo-omu 4.7 huvuta kama milliampea 15. Volti zikifika 90 kipingamizi hicho hutoa joto la wati 1.7, kwa hiyo weka cha wati 5.

Usikubali swichi moja ikate koili nzito na wimbi dogo kwenye pointi zilezile. Kama nafasi ni finyu, ongeza safu ya pointi kwenye shafti moja.

Kuua cheche

Cheche ya DC huuawa kwa njia tatu, na swichi nzuri hutumia zote: kuigawa, kuivuta haraka, na kuinyang'anya nishati kabla haijazaliwa.

Kuigawa ni kutumia daraja badala ya mkono mmoja. Kipande kinachotembea kinabeba pointi mbili na kinaachana na pointi mbili zilizosimama, hivyo kila safu inafungua mapengo mawili kwa mpigo. Kila pengo lina gharama yake kwa cheche: mwanzo na mwisho wake, pale inapogusa metali, hula kama volti 12 kwenye pointi za fedha hata cheche iwe fupi namna gani. Ukiunga safu mbili mfululizo una mapengo manne, karibu volti 50 zimekwenda kabla hujahesabu urefu wa cheche yenyewe. Kwa mfumo wa 72, safu mbili mfululizo zenye mapengo ya milimita 3 kila moja hutosha mizigo mingi ya koili. Kwa mfumo wa 110 tungeweka safu tatu, au mbili pamoja na sumaku.

Sumaku ndiyo inayokosewa zaidi na wasanifu wapya. Inasukuma cheche pembeni, lakini mwelekeo wa kusukuma hutegemea mwelekeo wa mkondo, na kwenye daraja mkondo hushuka pengo la kushoto na kupanda pengo la kulia. Ukiweka uga wa sumaku ukikatiza daraja kutoka mbele kwenda nyuma, cheche mbili zitasukumwa ama zote nje ama zote ndani. Zikienda nje ni sawa. Siku fundi atakapobadilisha chanya na hasi, zitakwenda ndani, zitakutana katikati na kuwa cheche moja inayopita juu ya daraja lote, na swichi imekwisha. Dawa ni kulaza uga ufuate urefu wa daraja, kushoto kwenda kulia. Hapo cheche moja inasukumwa mbele na nyingine nyuma, na ukigeuza waya zinabadilishana tu. Inakulazimu kuweka vyumba vya cheche pande zote mbili, lakini swichi haitajali tena nyaya zimefungwaje. Kwenye karakana ambako michoro imechakaa, hilo lina thamani kubwa kuliko milimita chache za nafasi.

Tumia sumaku ya feriti. Zile za neodimiamu za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu zikizidi nyuzi 80 na zikichubuka hushika kutu. Karibu na cheche, hayo yote yatatokea.

Kuivuta haraka ni kazi ya springi. Mkono wa mtu ni wa polepole. Anayezima taratibu anaziacha pointi zikae kwenye umbali wa nusu milimita, mahali pabaya kuliko pote. Kwa hiyo mpini ukaze springi kwanza, na springi ikifika ukomo wake ndiyo iruke na kulibeba daraja. Kasi ya kuachana isitegemee haraka wala taratibu ya dereva. Hata hivyo, chini ya springi hiyo weka kamu (kipande chenye nundu kinachosukuma kikizunguka) au jino linaloligusa daraja moja kwa moja, ili pointi zikigandana, nguvu ya mkono izibandue kwa lazima. Swichi ambayo mpini wake unasema "zima" huku ndani imeganda ni hatari kuliko isiyofanya kazi kabisa.

Njia ya tatu haimo ndani ya swichi: ni dayodi kwenye koili. Funga dayodi sambamba na koili, upande wenye mstari ukielekea chanya, na uifunge kwenye vituo vya koili yenyewe badala ya nyuma ya swichi, la sivyo waya mrefu kati yao utabaki na induktansi yake. 1N4007 inahimili volti 1,000 na ampea 1. Kwa koili kubwa tumia 1N5408 ya ampea 3. Inazaa tatizo moja: kontakta huchelewa kuachia, kwani mkondo unazunguka ndani ya koili ukififia taratibu. Kwa pampu ya mafuta haina neno. Kwa kontakta ya uga wa jenereta, ambayo inapaswa kuachia upesi, weka kipingamizi mfululizo na dayodi chenye omu sawa na za koili. Mruko wa volti utakuwa sawa na volti za betri, swichi itaona mara mbili, na muda wa kufifia utapungua nusu. Varista (kipande kinachonyonya mruko wa volti) nayo inafaa, ila huchoka kwa mipigo mingi na haitoi ishara yoyote inapokufa.

Sanifu swichi kana kwamba dayodi haipo. Dayodi iliyokatika hakuna anayeijua mpaka pointi ziishe.

Kwa kuta za vyumba vya cheche usitumie bakelaiti ya kawaida. Ikichomwa na cheche huacha njia ya kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Poliesta ngumu yenye nyuzi za kioo au melamini ni bora, na mahali pa moto mkali zaidi weka vigae vya kauri. Umbali wa juu ya kihami kati ya vituo viwili, kwa volti 125 na uchafu wa daraja la 3, kiwango cha IEC 60664-1 kinaruhusu milimita 2.4 kwa kihami cha kundi la kawaida. Tunaweka 6, pamoja na mfereji mmoja katikati. Namba ya kiwango haikuhesabiwa kwa vumbi lililochanganyika na mvuke wa dizeli. Mwinuko wa Dodoma, mita 1,100 na kitu, hauhitaji marekebisho ya pengo la hewa, kwa vile jedwali la kiwango hicho linafika mita 2,000.

Pointi na springi

Kwa mizigo ya koili na taa, chukua fedha iliyochanganywa na oksidi ya bati. Inakataa kuganda kuliko fedha na nikeli ya 90/10, ingawa upinzani wake uko juu kidogo. Fedha tupu ni laini mno kwa kazi hii. Fedha na oksidi ya kadimiamu ilipendwa sana zamani na bado iko ndani ya swichi nyingi kuukuu, lakini kadimiamu ni sumu: usipige msasa pointi za zamani bila barakoa.

Kwa ampea 10, ribiti ya kipenyo cha milimita 5 yenye tabaka la fedha la milimita 1 inatosha. Nguvu ya mgandamizo newtoni 1.5 kwa kila pointi, na baada ya kugusana springi iendelee kusukuma milimita 1 zaidi. Hiyo milimita ya ziada ndiyo akiba ya maisha ya swichi, maana pointi zikilika nusu milimita bado kuna msukumo. Ipange pia ifanye pointi zisuguane kidogo zinapokutana, sehemu tatu au nne za kumi za milimita, ili zifagie vumbi na utando. Ikizidi hapo inakwangua fedha bure.

Sasa mtikisiko. Kiwango cha IEC 61373 kinagawa treni katika madaraja matatu: vilivyofungwa kwenye mwili wa treni, kwenye fremu ya magurudumu, na kwenye ekseli. Swichi ya dereva iko daraja la 1, ambapo mshtuko wa majaribio ni mita 50 kwa sekunde mraba kwa mwelekeo wa safari na 30 kwa mielekeo mingine, kila mmoja kwa milisekunde 30. Hesabu ni fupi. Daraja la pointi lenye gramu 3 likipigwa na 50 linavutwa kwa newtoni 0.15, na springi inalishika kwa 3. Inaonekana ni salama kupita kiasi. Lakini bati la milimita 1.5 lisilo na mbavu hupiga kama ngoma na linaweza kuzidisha mtikisiko mara kumi, na 0.15 inakuwa 1.5. Nusu ya akiba imekwenda kwa sababu ya bati, na kosa litaandikwa kwa jina la swichi. Kwa hiyo swichi isanifiwe pamoja na mahali inapokaa: bati la milimita 3, au la 2 lenye ubavu uliochomelewa nyuma, na bolti za swichi zisiwe mbali na ubavu huo zaidi ya milimita 60.

Mtetemo wa injini una namba zake. Injini ya mipigo miwili yenye silinda 12, ikizunguka mara 900 kwa dakika, hulipua mara 180 kwa sekunde. Majaribio ya daraja la 1 kwa kawaida huishia karibu na hezi 150, kwa hiyo swichi inaweza kufaulu maabara na bado ikaimba ikiwa karibu na injini. Pima hadi 250. Sehemu ya kuchunga hasa ni mpando wa Saranda kuelekea Manyoni: treni ya mizigo inapanda ukingo wa Bonde la Ufa polepole, mkono wa gesi uko juu kabisa kwa muda mrefu, hewa ya kupooza kutokana na mwendo hakuna. Joto na mtetemo vinafika kilele pamoja.

Mpini uwe mwepesi. Wa chuma wenye gramu 80 hupata newtoni 4 kwa mshtuko uleule, na kama kitovu chake cha uzito kiko milimita 30 kutoka kwenye shafti, hiyo ni newtoni-mita 0.12 zinazojaribu kuigeuza swichi bila dereva. Nailoni yenye nyuzi za kioo inashusha uzito hadi robo. Klipu ya kila nafasi iwe na ushupavu wa newtoni-mita 0.5: mtu mwenye glavu anaisikia, goti likiigusa haisogei.

Vumbi, jua na mvua ya kwanza

Kuanzia Mei hadi Novemba mvua karibu hakuna, na upepo hubeba udongo mwekundu mlaini kama unga. Ukiingia kati ya pointi, upinzani unapanda, pointi zinapata joto, springi inalegea, upinzani unapanda tena. Uso wa mbele wa swichi uwe IP65 (namba za IP hupima kinga dhidi ya vumbi na maji). Nyuma, ndani ya kabati lililofungwa vizuri, IP54 inatosha.

Kuziba kabisa, hata hivyo, ni kosa ambalo huonekana msimu wa mvua. Kasha likiwa juani hadi nyuzi 70 halafu likamwagiwa mvua ya Desemba na kushuka hadi 25, hewa iliyomo ndani inapungua shinikizo kwa karibu asilimia 13, zaidi ya kilopaskali 11 kwa hewa ya Dodoma. Hiyo inatosha kunyonya maji kupita kwenye uzi wa skrubu. Weka tundu la kupumulia lenye utando wa PTFE (tefloni), lielekee chini, lisiwe upande wa dirisha la dereva. Likikosekana, kasha lenye mfereji wa milimita 4 sehemu ya chini kabisa litadumu kuliko lililozibwa kwa gundi kila kona.

Kwa mipira ya kuzibia, NBR hufaa ndani ya chumba cha dereva, FKM hufaa mahali panaporuka dizeli. EPDM huvimba kwenye mafuta, usiiweke. Na silikoni, iwe mpira, gundi au grisi, isiingie ndani ya kasha la pointi kwa namna yoyote. Mvuke wake ukikutana na cheche hugeuka kuwa mchanga mweupe wa silika juu ya pointi, kihami kamili. Swichi inakatika mara moja moja, ukiipima mezani ni nzima, ukiirudisha inakatika tena. Mafundi wengi wamebadilisha relei na nyaya zote wakitafuta tatizo lililotokana na gundi ya dirisha.

Kasha lenyewe usilitengeneze kwa polikaboneti, hata kama linapendeza kwa uwazi wake. Mvuke wa dizeli na dawa za kusafishia hulipasua nyufa ndogondogo kuzunguka skrubu. Plastiki ya PBT yenye asilimia 30 ya nyuzi za kioo, au alumini ya kumimina, ndiyo kazi.

Vituo vya waya

Waya uwe wa nyuzi nyingi laini, 1.5 mm² kwa koili na 2.5 mm² kwa taa. Lagi ya duara (kichwa cha waya chenye tundu) iliyobanwa kwa koleo lake, skrubu ya M4 yenye washa ya springi, ikazwe newtoni-mita 1.2 kwa bisibisi ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kisha ipigwe alama ya rangi kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye kituo, ili ikilegea ionekane kwa macho. Usiloweshe ncha ya waya kwa risasi kabla ya kuibana: risasi hutambaa chini ya mgandamizo, skrubu inalegea, na pale risasi inapoishia waya unakatika kwa mtetemo. Fungia nyaya kwenye kishikizo ndani ya milimita 100 kutoka kwenye swichi.

Kuunda na kupima

Kwa anayeanza, ushauri wetu ni usitengeneze safu za pointi wewe mwenyewe. Nunua safu za kamu ambazo mtengenezaji amechapisha uwezo wake wa DC-13 kwa volti zako, halafu kazi yako iwe kasha, shafti, mizibo, vituo na kinga ya koili. Huko ndiko swichi nyingi za treni hufia, na huko karakana yenye mashine ya kuchonga inaweza kushindana na kiwanda.

Mfano wa kwanza upitie haya, kwa mpangilio huu:

1. Pitisha ampea 10 DC kwenye pointi zilizofungwa, pima millivolti kati ya vituo. Mpya yenye mapengo mawili isizidi 100, ambayo ni milli-omu 10. Multimita kwenye upande wa omu haiwezi kuona namba hizi.

2. Piga megga (kipima uhami) ya volti 500 kati ya vituo na kasha: chini ya mega-omu 100 ikiwa kavu, ifungue. Kisha volti 1,500 AC kwa dakika moja.

3. Unga betri sita za volti 12 mfululizo, pamoja na fyuzi, na utumie koili halisi za kontakta bila dayodi. Swichi inayoguswa mara 40 kwa siku hufika mara 292,000 kwa miaka 20. Mota ndogo inayoiwasha na kuizima mara 10 kwa dakika itatimiza 100,000 ndani ya siku saba usiku na mchana. Hiyo ndiyo alama ya chini kwa upande wa umeme. Kwa upande wa mitambo tupu fikisha 300,000.

4. Tanuri nyuzi 70 kwa saa mbili, toa, mwagia maji ya kawaida papo hapo. Mara kumi. Weka karatasi iliyonyunyiziwa jivu kavu ndani kabla hujafunga, tone moja litaacha alama.

5. Mtikisiko ufanyike kwenye meza ya maabara, swichi ikiwa imefungwa kwenye bati lake halisi na mkondo ukipita. Osiloskopu ikinasa kukatika kwa zaidi ya milisekunde 1, umefeli.

6. Rudia namba 1. Ikiwa millivolti zimepita 300, haifai hata kama taa inawaka.

Hakuna swichi ya mfano inayofungwa kwenye kichwa cha treni kinachobeba watu au mizigo kwa idhini ya fundi peke yake. Mabadiliko hupitishwa na wahandisi wa mwenye treni, na usalama wa reli nchini uko chini ya udhibiti wa LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Saketi ya kuzimia injini isanifiwe hivi kwamba waya ukikatika injini inazima: pointi ziwe zimefungwa wakati injini inazunguka.

Swichi zilizokufa zisitupwe. Zifungue. Pointi moja ikiwa na shimo na mwenzake akiwa na kichuguu, ni DC inayohamisha metali upande mmoja. Badilisha chanya na hasi kila matengenezo makubwa kama sumaku yako inaruhusu. Weusi mkavu kwenye ukuta wa chumba cha cheche unamaanisha cheche imekaa muda mrefu, kagua dayodi kwanza. Pointi safi zinazong'aa lakini zenye upinzani mkubwa ni silikoni au mkondo mdogo kupita kiasi. Rangi ya bluu kwenye springi ya pointi ni joto, na joto mara nyingi lilianzia kwenye skrubu ya kituo, si kwenye pointi. Ukikuta unga mwekundu ndani, ufuate unyayo wake hadi kwenye shafti: ringi ya mpira imelika, na ya pili yake, kama uliweka moja tu, haipo.